Miti ya Miaka Tisa

Baraza la kata, Igowole, lilikaa siku ya ukungu.
Mzee Kihwele akatuambia: rudini mkazungumze.
Tukarudi. Tukazungumza na kuta.
Mara ya pili, hivyohivyo.
Mara ya tatu alivua miwani,
akajaza fomu kwamba usuluhishi umeshindikana,
akaupuliza wino ukauke
kama anayepoza uji wa mtoto.
"Bila hii hakimu hakusikilizi," akasema.
"Ila si talaka, mama. Ni nauli ya kwendea."

Wifi yangu yeye alikwisha kuhukumu:
ulikuja na sufuria tatu,
ondoka na sufuria tatu.
Hati ya shamba imeandikwa Oresti Kalinga,
na wewe si Kalinga tena.

Mafinga, mahakama ya mwanzo,
benchi lenye mguu mmoja mfupi.
Hakimu akaniuliza: ulichangia nini?
Nikapapasa mfukoni, kana kwamba risiti zipo.

Nikasema, mheshimiwa, miche elfu mbili na mia nne,
viriba nilijaza udongo mimi, nikiwa na mimba ya Zaveria.
Yeye alichimba mashimo, sikatai,
kisha akaenda Makambako kwenye mbao
na palizi ya miaka mitatu ikabaki na mgongo wangu.
Oktoba ile moto ulipovuka kutoka kwa jirani
nililala kwenye barabara ya moto
na ndoo moja, na tawi bichi.
"Na fedha?"
Fedha alileta yeye.
Mimi nilizigeuza ugali, sare, dawa ya kifua.
Karani akacheka.
Hakimu hakucheka. Aliandika.

Ndipo nikajua: jina kwenye hati si mwisho wa maneno,
na jiko nalo hutoa ushahidi.

Zaveria, miaka kumi na miwili, aliulizwa pia.
"Kwa mama. Lakini ada alipe baba."

Miti ilikuwa na miaka tisa tu,
haijawa mbao, haiuziki kwa heshima.
Tukagawana iliyosimama:
kutoka korongoni hadi kwenye jiwe, yangu;
kutoka jiwe kwenda juu, yake.
Tulipita na kopo la rangi nyekundu, hatusemeshani.
Chini ya jiwe mizizi ilishikana kama kawaida,
haikuletewa samansi.

Ningeishia hapo. Lakini Oliva, jirani, akafiwa.
Marehemu hakuacha hata mstari mmoja.
Mpaka leo Oliva anatembea na mfuko wa rambo,
ndani cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo,
akiomba usimamizi wa mirathi,
na usiku anasikia msumeno shambani.

Nikanunua daftari la mia tano.
*Mimi, Leokadia Chengula, mwenye akili timamu,
bila kulazimishwa na mtu.*
Zaveria na Fausto, sawa kwa sawa,
asiniletee mtu habari za binti ataolewa.
Mti mmoja wa jeneza langu, ulionyooka.

Mashahidi wawili, kwa kuwa najua kusoma:
mmoja wa ukoo, mjomba Severini;
mmoja wa nje, asiyerithi kitu kwangu.
Nikawaza usiku kucha, nani wa nje
anayeijua mistari yote ya ile miti?

Alikuja na baiskeli. Kamwene, akasema, mlangoni,
kama mgeni.
Alisoma yote, midomo ikitembea.
"Umeandika elfu moja na mia mbili."
Ndiyo.
"Miwili iliungua, Leokadia. Ule mwaka wa moto.
Ni elfu moja mia moja tisini na nane."

Nikakata, nikaandika upya.
Tukatia saini pembeni ya kosa, wote watatu.
Nikamkaribisha chai.
Akasema ana haraka.
Akanywa vikombe viwili.