Ndoo ya Tatu

Renzo aliponiajiri aliniuliza, zabibu naijua?
Nikamwambia naijua ile kavu, ya pilau ya harusi.
Akacheka, akanipa mkasi na ndoo tatu.

Ya kwanza, vichala vizima.
Ya pili, vya kutazamwa tena juani.
Ya tatu hakuipa jina.

Mwaka ule vuli haikujua kuaga.
Ukungu ulipanda kutoka Sabaki alfajiri
ukalala juu ya waya, juu ya majani,
na jua lilipoufukuza
ukaacha mwingine nyuma, wa jina lilelile,
wa kijivu, wenye manyoya,
kama kitoto cha panya ndani ya kichala.

"Kwetu huo ni bahati," akasema.
"Ukungu asubuhi, jua kali mchana:
tunda hunyauka, sukari hubaki,
divai yake huuzwa kwa tone."
Macho yake yalikuwa mbali,
kwa mama yake pengine.

Mimi nilikuwa mstari wa mwisho, karibu na zizi la mbuzi,
ambako maji hayakukauka siku tisa.
Huko ukungu haukuwa wa kijivu.
Ulikuwa kijani cha sufuria ya shaba iliyosahauliwa,
na chini yake mweusi, vumbi tupu,
ukiupuliza unaruka.
Nikanusa. Jamvi lililolowa. Ghala.

Ghala lile. Gunia la Kalume,
mjomba wangu, aliyesema moto huua kila kitu.
Wakala ugali, watu wanne.
Macho yakawa manjano kabla ya Ijumaa.

"Itachacha," Renzo akasema, "pombe itasafisha."
Pombe haioshi.
Baba yangu, Ngumbao wa minazi arobaini,
alisuuza kibuyu kwa maji ya moto kila jioni,
na bado tembo likimtia shaka alilimwaga,
hata wateja wamejaa uani wakiimba jina lake.
Wagema wengine husifiwa wakatia maji.
Yeye alimwaga.

Na sumu hii haina pupa kama ile ya Kalume.
Hukaa ndani ya chupa, imetulia, ina lebo,
inasubiri figo.

Nikaibeba ndoo ya tatu mpaka mezani kwake.
Akaponda tunda moja kwa kidole, akanusa,
akajifuta kwenye suruali, mara mbili.
Kisha akachukua jembe, akachimba shimo mwenyewe,
na ndoo ya pili akaimwaga humohumo
bila kuniuliza.

Tulipata chupa kumi na moja.
Moja akanipa. Mimi sinywi divai.
Huzuia mlango upepo ukivuma.