Mgonga Magurudumu

Miaka thelathini na moja, stesheni ya Tabora,
nyundo ya mpini mrefu mkononi,
nimeinama behewa kwa behewa
nikigonga gurudumu, nikitega sikio.
Zima hulia ngaa, sauti ikakawia kuondoka.
Lenye ufa husema go, basi.
Mabwana wa ofisini walikuwa na vitabu vyao;
mimi nilikuwa na sikio hili la kulia,
na hakuna ekseli iliyokatika zamu yangu.

Leo nimeketi kitandani bila shati
na binti wa watu, Daktari Nyamizi,
ananigonga mimi.
Kidole juu ya kidole, mgongoni, akishuka.
Juu: ngaa.
Chini ya mbavu: go.
"Maji, mzee. Yamejaa hapa chini."
Nimeyasikia, mwanangu, nikasema.
Kazi hiyo naijua.

Nilijificha, sikatai.
Tangu masika kiatu cha kushoto kilinigomea.
Mto mmoja ukawa mitatu, mitatu ikawa kiti,
na kwenye kiti nilikesha nikivuta pumzi
kama mtu anayenywa uji kwa mrija.
Cheyo nzima ikasema nimekanyaga kitu njia panda.
Shemeji akaleta mizizi kutoka Sikonge;
nikanywa, nikashukuru, nikavimba.

Daktari akabonyeza muundi kwa dole gumba.
Shimo likabaki, likangoja,
kama tonge lililosahauliwa sahanini.

Kisha waya kifuani, mikononi, miguuni,
na mashine ikatema karatasi ya miraba myekundu.
Nikaisoma kama ratiba:
vilima viwili vimebanana,
kimoja kimechelewa,
kimoja kimefika kabla ya kuitwa.
Garimoshi hili, nikasema, halina dereva.
"Lina madereva mia," akasema, "wote wanapiga honi.
Vyumba vya juu vinatetemeka tu, havisukumi.
Cha chini kimetanuka, kimechoka.
Lakini moyo kushindwa si moyo kusimama, mzee.
Usiende nyumbani na neno lisilo lake."

Kidonge cha kutoa maji:
usiku ule nilivuja kama tangi la injini ya mvuke.
Kidonge cha kutuliza mbio.
Kidonge cha damu isigande,
maana damu inayozubaa vyumba vya juu
hushikana bonge, na bonge likipanda kichwani...
Hakumaliza. Nami nimeona mabehewa yaliyolala ubavu,
sikuhitaji amalizie.

Halafu akanipiga marufuku chumvi.
Mimi!
Niliyepitisha chumvi ya Uvinza magunia kwa magunia,
nikichovya kidole gizani pale gunia lilipotoboka.
Sasa mboga ya Kalunde ina ndimu,
ina kitunguu, ina huruma,
haina ladha.

Kila asubuhi, kabla ya chai,
napanda mizani ya Kasanda muuza asali,
mtu mzima, nimesimama kama debe.
Sabini na moja. Sitini na nane. Sitini na sita na nusu.
Kasanda anaandika kwa chaki mlangoni,
chini ya deni la watu.
Kilo mbili zikirudi ndani ya siku tatu,
nami nirudi hospitali, nisingoje kiti.

Kiatu cha kulia kinaingia.
Cha kushoto bado kinafikiri.

Usiku Kalunde ananishika kifundo cha mkono,
saa yangu ya reli kwenye paja lake.
Dakika nzima, aliambiwa;
kwa moyo wa namna hii, nusu dakika ni mwongo.
Midomo yake inacheza bila sauti.
Kwa mbali treni ya mizigo inatoka kwenda Kigoma,
nami nainua kichwa.
"Behewa la tatu toka nyuma," nasema,
"gurudumu lake..."
"Nyamaza," anasema, "umenipotezea hesabu."
Anaanza upya.
Moja.