Kisanduku cha Mapato

Fomu inauliza mapato ya baba kwa mwaka,
kwa dola, bila nukta, bila mkato.
Namsomea. Amekaa kizingitini
anashona gome la mzinga mpya kwa kamba ya gome.
"Mwaka upi?" anauliza.
"Wa mvua, au ule moto ulipopita Sikonge
tukarudi na masega meusi?"

Huu uliopita, baba.

Anahesabu kwa mizinga.
Arobaini na miwili juu ya miti,
kumi na tisa iliyopata wenyewe,
mitano kaila nyegere,
mmoja kaula mwizi, "naye tunamjua."
Madumu mangapi, kwa bei ya Katwale, ile ya kutuonea;
toa uma wa baiskeli, toa ada yangu,
toa msiba wa shangazi Nyanzala.
Nagawa kwa bei ya dola ya leo.
Jibu linatoka dogo hivi kwamba mfumo
unaniandikia kwa wekundu:
Tafadhali hakikisha tarakimu hii.

Namwambia wanataka tuhakikishe.
Anacheka hadi sindano inamdondoka.
"Waambie waje wahesabu. Wavae nguo nzito."

*

Steshenari ya Isevya, mashine ya kuskani
ina mstari mweusi katikati.
Vyeti vyangu vyote vimepasuka:
Kemia upande huu, jina langu ng'ambo.
Mwamvua anatoza mia tano kwa ukurasa
na swali moja bure: naondoka lini?
Sijasema naondoka. Nimesema naomba.
"Ni yale yale," anasema, na kunirudishia chenji pungufu.

Fomu inataka namba ya nyumba.
Naandika: nyuma ya ghala la tumbaku, mlango wa bati la bluu.
Inakataa.

Mwalimu Mihayo ameniandikia barua ya sifa:
mtiifu, si mtoro, anafagia vizuri.
Nikamwomba aongeze kidogo kuhusu akili.
Akanitazama juu ya miwani.
"Akili si ipo kwenye matokeo?
Mimi nashuhudia yasiyosahihishwa."
Nikapokea kwa mikono miwili.

*

Insha, maneno mia sita na hamsini:
eleza kikwazo ulichokishinda.
Nilianza na mama.
Kufikia neno la mia mbili alikuwa amekufa vizuri sana,
kwa Kiingereza kilichonyooka,
nami nimepata funzo.
Nikasoma tena, nikaona
nimemvisha mama kanga mpya na kumpeleka mnadani.
Nikafuta. Nikakaa na ukurasa mweupe hadi umeme ukakatika.

Kwa tochi ya simu nikaandika juu ya nyegere:
jinsi anavyougeuzia mzinga mgongo,
na nyuki kwa maelfu, wenye silaha, wakalewa na kuanguka.
Usiku mmoja wa miaka tisa nilikesha na baba
kumsubiri, na alipokuja hatukumpiga.
Nilihangaika kupata Kiingereza cha heshima cha neno kujamba.
Kamusi ya shule, ukurasa ule ulikwisha chanwa zamani.

*

Mwisho ni saa sita kasoro dakika moja usiku, saa za kwao.
Siku yao inakuja kufia kwetu,
saa mbili asubuhi, uji umeshanywewa,
treni ya Kigoma imeshapita.
Bando lilibaki la kutuma mara moja tu.
Nikabonyeza.

Karatasi za rangi zikamwagika kwenye kioo cha simu,
nyekundu, njano, kama harusini.
"Wamekukubali?" baba akasogea.
Hapana. Wamefurahi tu kwamba nimeomba.
Akafikiri. "Watu wa ajabu."
Na jibu?
Machi.
"Machi," akasema, kama anayelipima uzito,
akaniashiria nishike baiskeli
afunge mizinga miwili kwenye keria.

Nilishika.
Kile kisanduku, lakini, cha mapato,
nilikuwa nimeandika tarakimu ile ile,
mara ya pili, polepole,
kama mtu anayemtajia jina lake
asiyesikia vizuri.