Jiwe la Kilo

Jumanne, soko la Tandale, matope ya mvua ya jana.
Nina begi la mawe ya shaba yaliyofungwa kwa kitambaa,
muhuri, fomu za nakala tatu,
na kalamu isiyotaka kuandika.
Mimi ni mkaguzi wa vipimo.
Nikikaribia, makopo hutoweka chini ya meza,
na lumbesa zilizovimba kama mashavu ya mpiga zumari
zinafunikwa turubai.

Kwa Bi Siwatu, muuza maharage,
nikalipindua jiwe la kilo.
Limetobolewa tumboni, likazibwa kwa nta nyeusi.
Gramu themanini na mbili hazipo.
Hakulia, hakuapa. Aliuliza tu,
vidole vikiendelea kuchambua chenga:
"Na hiyo kilo yenyewe, mwanangu, nani aliizaa?"

Ningemjibu kwa kifungu cha sheria.
Badala yake nikawaona makarani wa Misri
wakivuta kamba juu ya tope, mto ukisharudi kitandani,
kila shamba linapimwa upya,
kila kipimo kinazaa kodi kabla mbegu haijachipua.
Nikamwona mfalme wa Ghana ya kale:
mapande ya dhahabu yake, vumbi la watu,
nao wakaliita vumbi lile utajiri.
Nikaiona Uchina siku ilipoamriwa pishi moja,
jiwe moja, upana mmoja wa magurudumu.
Sijui waliokuwa na vibaba vya bibi zao
walivificha wapi.

Wanasema dola huanza kwa upanga.
Upanga hufika, hukata, huenda kunolewa.
Anayebaki ni mtu mwenye kamba na daftari,
anayeuliza jina lako na idadi ya mbuzi,
halafu mwakani anarudi.
Mtu kama mimi.

Baba, fundi cherehani wa Magomeni,
alihesabu mizani za mashairi kwa vidole
juu ya pindo la suruali ya mteja.
Nane kwa nane. Ikizidi moja, alifumua.
Siku moja alinipeleka makumbusho
tukainamia sarafu za Kilwa, ndogo kama vifungo vya shati:
upande huu jina la sultani,
upande ule maneno ya kumtegemea Mola,
na pande zote mbili zinapatana kwa kina.
"Unaona? Hata shaba ilitungwa."
Jioni ile akaandika, nyuma ya risiti ya vitambaa:

Shaba ndogo mkononi, imebeba jina zito,
Mwenye jina kaburini, hajui baridi, joto,
Kuta zake magugani, zachezewa na watoto,
Kilobaki ni mizani, dola yenyewe haipo.

Kilobaki. Mpaka leo sijui kama alikusudia.

Nikaandika faini. Kalamu ikakubali.
Jiwe la Bi Siwatu nikalitia begini,
likagongana na mawe ya serikali,
mlio uleule.
Mteja aliyekuwa ameshalipia nusu bado alisimama,
mtoto mgongoni, ndoo mkononi.
Bi Siwatu akavuta kibaba cha bati kutoka chini ya gunia,
akapima, akasawazisha kwa kiganja,
kisha akaongeza konzi moja.
Nyongeza.
Nikaitafuta safu yake kwenye fomu. Hakuna.

Alipogeuka akachota konzi nyingine
akaimimina kwenye mdomo wa begi langu
kabla sijafunga zipu.
Hakusema neno. Nami sikusema.
Nimevuka Manzese, nimefika nyumbani, nimevua viatu,
na bado sijui: nyongeza, au mlungula?

Usiku nimeyatoa maharage katikati ya mawe,
nimeyapima juu ya meza ya kulia chakula.
Gramu tisini na moja.
Tisa zaidi ya zile alizoiba.
Fomu ina nakala tatu,
na sijui niziandike wapi.