Mbuzi Hana pa Kutua

Kayij amechora mbuzi mwenye ndevu za katekista,
picha kumi na mbili kwa kila sekunde,
kwa penseli aliyoikata katikati agawane na mdogo wake.
Mbuzi ameuona mwezi juu ya Lubumbashi
akadhani ni tonge la bukari.
Basi apande: kile kilima cheusi cha masizi ya mgodi,
kisha dohani ya kiwanda, kipandio kwa kipandio,
na sisi watatu, katika klabu ya zamani ya reli, Kamalondo,
ndio wa kumpandisha.

Bilonda kwenye piano: mkono wa kulia unanyata,
nyata, nyata, kwato juu ya kokoto,
wa kushoto unajikuna kama mtu anayengoja mshahara.
Mwepu na brashi zake juu ya ngoma, shwaa, shwaa.
Vumbi hilo, anasema, vumbi jekundu la Septemba,
msilifute.
Mimi nyuma yao na besi yangu, kubwa kama mlango uliong'olewa,
natembea.
Besi kazi yake kutembea. Tumbo la mbuzi ndilo langu.

Dakika mbili na nusu tunapanda vizuri.
Mwepu anapiga chafya juu ya tasa, tunaiacha, inafaa.
Mbuzi anafika kileleni, anapanua mdomo,
anaruka,
na hapo ndipo ubishi.

"Aanguke pu!" Mwepu anasema, "kama gunia la makaa."
"Tifu," anasema Kayij. "Chini nimechora mchanga."
Bilonda hasemi. Ananyoosha kidole cha mwisho cha kushoto
mpaka jino la mwisho la piano,
lile ambalo lingelia kama kila kizito kinavyolia kikifika chini,
anabonyeza.

Ko.

Mti mtupu. Nyundo imepiga hewa.
Jirani yake: ko. Wa tatu: ko.
"Mzee ameng'oka magego," Mwepu anacheka.

Wengi hawajui kwamba nyaya nene za piano
huvikwa shaba, mzingo juu ya mzingo,
kama mkono wa bibi arusi wa zamani.
Shaba ya wapi, sijui. Labda ilichimbwa hapa hapa,
ikapelekwa Ulaya ikafundishwa kuimba,
ikarudishwa kwa treni.
Lakini mizani ya vyuma chakavu haina masikio,
huuliza kilo tu.
Mwaka ule Numbi wangu alikuwa na homa siku ya tisa
na ufunguo wa klabu ulikuwa mfukoni mwangu.
Nyaya tatu. Koleo la kuazima.
Ya kwanza ilipokatika ililia sauti
ambayo sijawahi kuikuta tena,
nami nimeipiga jazi miaka ishirini na mmoja.

Numbi alipona. Sasa anavaa viatu namba thelathini na nane
na anaipenda sana katuni.

Bilonda ameinua kifuniko, amechungulia ndani.
Kisha amenitazama, si sana,
kama mtu anayeangalia saa ukutani.
Amechukua penseli fupi ya Kayij,
amefuta mstari wake wote wa chini,
ameandika kwa herufi kubwa: HAPA BESI PEKE YAKE.

"Mwache kwanza hewani," anamwambia Kayij.
"Picha ngapi?"
"Mpaka huyu awe tayari."

Piano imenyamaza. Brashi zimelala.
Jenereta ya jirani inakohoa peke yake.
Mbuzi ananing'inia juu ya mji, miguu inazunguka,
makombo ya mwezi kwenye ndevu,
na kidole changu kiko juu ya waya mnene.
Kayij anahesabu: ya thelathini, ya arobaini.

Mbuzi anatazama chini.
Ananitazama mimi.