Mbweha wa Ghalani

Mwezi wa nne, theluji bado imelala upande wa kivuli,
alizaa chini ya ghala letu la majani makavu.
Wanne. Tadao akataka kuziba tundu kwa mawe,
nikamwambia subiri,
mzazi hafukuzwi arubaini yake haijaisha.
Akacheka. Akasubiri.

Nikawajua mmoja mmoja:
mwenye soksi nyeusi mguu mmoja tu,
mwenye mkia kama brashi ya kuoshea chupa,
mwizi aliyeiba glavu yangu ya kushoto
akalala nayo kana kwamba imemzaa,
na mdogo, ambaye kila kitu alikijua baada ya wenzake.

Mama yao alikonda ili wao wanenepe.
Alfajiri, nikienda kukamua,
namkuta anarudi na panya watatu mdomoni,
mikia inaning'inia kama masharubu.
Hakuniogopa. Hakunisalimu.
Tulipishana kama wafanyakazi wa zamu mbili.

Julai, panya wakaja wakiwa hai.
Aliwaachia majanini, akakaa kando,
akatazama wanawe wakikosa, wakikosa, wakigongana vichwa.
Mdogo alikamata jiwe.

Kisha asubuhi moja ya Agosti, ukungu umefika magotini,
nikasikia ukelele, nikadhani ni mbwa wa kina Kurosaki.
Alikuwa yeye. Yu juu ya mwenye soksi,
meno shingoni, na haukuwa mchezo.
Akamkimbiza hadi kwenye waya. Akarudi.
Akamkimbiza mwizi. Mwenye mkia mwembamba akaondoka bila kuambiwa.
Mdogo akajilaza chali, tumbo juu,
akalia kwa ile lugha ya tunduni, ya maziwa,
na mama akamng'ata sikio
likachanika kama karatasi iliyolowa.

Nilikuwa na ufagio. Niliunyanyua.
Mama gani wewe, nilimwambia, kwa sauti,
mama gani?
Na nyuma yangu, zizini, ndama akaitika.

Alizaliwa saa kumi alfajiri ile ile. Namba 417.
Nilimtoa mama yake hajamaliza kumlamba:
ubavu mmoja mkavu, wa pili ungali na maji ya tumboni.
Nikamtia kidole mdomoni, nikashusha kidole na mdomo
mpaka ndooni, kwenye maziwa ya unga, chuchu ya mpira.
Ndivyo tufanyavyo. Lori la maziwa hufika saa mbili.
Ng'ombe alikuwa bado anaita,
si kwa nguvu; kama mtu anayeuliza saa.

Nikaushusha ufagio. Nikafagia, maana ndio uliokuwa mkononi.

Mama yangu alikuwa mfungua chaza, Akkeshi.
Nilipotimiza miaka kumi na mitano alinifikisha stesheni,
akanikatia tiketi ya kwenda tu,
akanipa mayai mawili ya kuchemsha, ya moto bado,
akasema, "Yasue, usiniandikie barua za kulia,"
akageuka kabla treni haijang'oa.
Niliona mgongo, koti la mvua, kisu kiunoni.
Mayai niliyamaliza kabla ya stesheni ya pili.
Mgongo ule nimeubeba miaka arubaini na mmoja.

Usinielewe vibaya. Mbweha si mwalimu.
Hakuwa akinifunza kitu; hata jina langu halijui.
Alikuwa na chuchu zilizokauka, na baridi i njiani.

Oktoba, ng'ambo ya waya, nilimwona mmoja peke yake,
sikio limepasuka.
Akaruka, akatumbukiza pua majanini,
akatoka na kitu. Hakikuwa jiwe.

Lakini hili sikumwambia Tadao:
jioni ile ya Agosti, wote wakiwa wameshaondoka,
mama alirudi na panya mdomoni.
Akamweka mlangoni pa tundu.
Akakaa. Akatega masikio.
Giza likaingia hadi nikabaki naona kifua chake cheupe tu.
Kisha akamla mwenyewe,
polepole, akianzia kichwani.