Mshipa

Miezi kumi na mitano, walisema.
Wengine husoma miaka minne; wewe uliyekwisha kusoma
tutakukunjia njia kama shuka la hospitali,
pembe juu ya pembe.
Sikuuliza kinachobanwa hutokea wapi.

Digrii yangu ya kwanza ipo uvunguni,
ndani ya boksi la viatu vya theluji:
Jiolojia. Mhuri wake bado unang'aa.
Miaka kumi na mmoja nilisoma mawe
yaliyochomolewa ardhini kama uboho,
nikaandika: hapa pana chuma, hapa hapana.
Mwamba hausemi "aa".
Mwamba hauna mke anayeniangalia mikono.

Sasa ni saa kumi na moja alfajiri, Duluth,
Februari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Gari limekohoa mara tatu kabla ya kuwaka,
nami nakariri, mvuke ukinitoka kinywani:
potasiamu, tatu nukta tano hadi tano;
sodiamu, mia thelathini na tano hadi...
Nakwangua barafu kiooni kwa kadi ya maktaba.
Kalsiamu nimeisahau tena.

Darasani mimi ni wa pili kwa mvi.
Wa kwanza ni Lamont, aliyefundisha tarumbeta.
Yupo Pahoua, mhasibu,
anayehesabu matone ya dripu
kama mtu anayetafuta senti iliyopotea.
Tunakula karoti mbichi kwenye ngazi.
Hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini.
Swali hilo ni la mama, kwenye simu:
"Si ulishahitimu? Unahitimu mara ngapi?"
Mkopo wa kwanza haujaisha, wa pili umeingia,
wamelala mzungu wa nne kitandani mwangu,
na mimi sakafuni.

Wodi ya tano, chumba cha mwisho.
Eino Pelkonen, miaka sitini na saba,
mapafu yana vumbi ambalo hakuna aliyemlipa.
Bi Gunderson, mkufunzi, kasimama mlangoni,
mikono nyuma, kama asiyekuwepo.
Nafunga mpira. Napapasa.
Mshipa unateleza chini ya kidole.
Nadunga. Nakosa. Damu inavilia, zambarau.

"Samahani."
"Ulikuwa ukifanya kazi gani kabla ya hii?"
Nikamwambia.
Akauliza kampuni. Nikaitaja.
Akauliza mgodi.

Hapo glavu zikaanza kunilowa kwa ndani.
Mimi ndiye niliyeandika, ukurasa wa arobaini:
mshipa umekwisha, kuchimba zaidi hakulipi.
Wino wa bluu. Ilikuwa Jumanne. Mchana nilikula samaki.
Watu mia tatu na kumi.

Sikujua wana mikono.

Akanyamaza. Mashine ikahesabu kwa niaba yetu.
Kisha: "Ile ripoti ilikuwa ya kweli?"
"Ilikuwa ya kweli."
"Sisi tulijua. Miezi sita drili ilikuwa ikirudi na jiwe la bure.
Tulingoja tu mtu wa kuliandika."
Hakutabasamu. Hakunisamehe, nadhani;
hilo halikuwa kwenye orodha ya asubuhi ile.
Aliugeuza mkono wa pili tu,
akaulaza juu ya shuka kama zana anayonikabidhi.
"Nimetoboa miaka thelathini, binti. Usiubembeleze.
Ushike kwa chini kwanza, usikimbie.
Halafu ingia."

Nikashika kwa chini.
Nikaingia.
Kwenye kishingo cha sindano, ndogo, nyekundu,
ikachungulia.

"Hapa pana," nikasema,
na sijui nilikuwa nikimwambia nani.
Bi Gunderson aliandika kitu, akaenda zake.
Eino aliomba chaneli ya hoki.

Jioni nilikwangua tena kioo.
Ziwa lilikuwa limeganda hadi upeo wa macho,
na kalsiamu, hadi nyumbani,
sikuikumbuka.